Mwenye Kifaru cha Kijani

Kochkor, mwishoni mwa Februari

Kwako dada yangu Anara,

Nakuandikia mikono ikiwa na unga, kwa hiyo ukiona madoa meupe usidhani theluji ya huku imejipenyeza ndani ya bahasha. Je, hujambo? Kile kikohozi ulichokuja nacho kwenye harusi ya binti wa mjomba kimekuacha, au bado unakisingizia vumbi la Bishkek huku ukivaa koti lisilofungika? Mimi ni mzima, nimenenepa hata. Mume wangu Marlen naye mzima. Lori lake la makaa linampandisha mgodini na kumrudisha Jumapili akiwa mweusi mpaka ndani ya masikio. Baba mkwe na mama mkwe hawajambo. Kondoo hawajambo, na yule ng'ombe mwekundu uliyemwogopa amezaa ndama mwenye hasira kama zake.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Mtandao katika nyumba hii unapatikana mahali pamoja tu, kwenye dirisha la sebuleni, na hapo ndipo Apa, mama mkwe wangu, anapokaa kusokota sufu. Habari nyingi za barua hii zinamhusu yeye. Sikuweza kukusimulia nikiwa nimesimama juu ya kichwa chake.

Haya, tuje kwenye kazi uliyonipa. Uliponiachia ile mashine ya gemu na diski zake, ulisema mwenye duka anataka maoni ya mtu wa kawaida kuhusu kila moja, ili ajue ipi ikae rafu ya mbele na ipi ifichwe nyuma, na kwamba wewe huna nafasi ya kuzicheza kwa sababu unashinda ukizikodisha. Ukasema vyote virudi kabla ya Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya ya Machi. Maoni ninayo. Machache ni yangu, mengi ni ya Ata, baba mkwe, na moja ni la mtu ambaye nikikutajia sasa utadhani natia chumvi.

Kwanza ujue hali ilivyokuwa. Siku nilipofungua boksi, Apa alilizunguka kama anayekagua ng'ombe mgonjwa, kisha akatoa sharti lake: siku kitu hiki kitakapoleta aibu ndani ya nyumba yake, aibu moja tu, kinapanda gari la kwanza la kwenda Bishkek. Nikaitikia. Wewe unanijua, nilikuwa msichana wa kuongea mpaka mwalimu ananihamisha dawati. Hapa tangu niolewe mwaka jana nimekuwa mtu wa kumimina chai karibu na mlango na kuinamisha kichwa. Marlen hayupo, Apa haongei ila kuagiza, na Ata, kwa adabu za kizamani alizolelewa nazo, hakuwa anasema na mimi moja kwa moja. Alikuwa anasema na jiko. Akitaka chai, analiambia jiko kwamba koo limekauka. Mimi nami nalijibu jiko. Majira yote ya baridi jiko lile lilipata mazungumzo kuliko mimi. Kwa hiyo niliposikia sharti la Apa niliogopa kweli, maana mashine ilikuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kinanisemesha.

Jina la Ata unalijua, ulilisikia likitangazwa siku ya harusi. Mimi silitaji, na hata hapa kwenye karatasi mkono wenyewe unakataa. Kwa watu wa hapa, mkamwana akitaja jina la baba wa mumewe ni kama amemvua kofia mbele za watu.

Gemu ya kwanza ni ile ya shamba. Mimi niliipenda. Unalima, unamwagilia, jua linawaka, hakuna anayekuuliza mkate uko wapi. Lakini Ata alipita na ndoo ya majivu, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona anasahau kitu alichobeba mkononi. Unakumbuka alikuwa daktari wa mifugo wa wilaya. Akaliuliza jiko kama ni kweli yule kondoo ananyolewa kila asubuhi. Nikaliambia jiko kwamba ndiyo, na kesho yake sufu inakuwa imeota tena. Ata akaliambia jiko kwamba kondoo huyo ana ugonjwa, na aliyetengeneza hiyo gemu hajawahi kumshika kondoo hata kwa bahati mbaya. Alikuja tena siku iliyofuata kuhakikisha. Akashangaa zaidi kwamba baridi inaingia na hakuna anayechinja kuweka akiba ya nyama. Maoni ya Ata: ifichwe nyuma. Maoni yangu: iwekwe mbele, hasa kwa wanawake walioolewa karibuni.

Ya pili ni ile ya mpanda farasi anayewinda majambazi milimani. Hapo Ata aliiweka ndoo chini na kuketi. Alivumilia mpaka niliposhuka mteremko mkali kwa mbio, akaliambia jiko kwamba farasi yule atavunjika miguu ya mbele, na kwamba aliyempanda angefaa kupanda ng'ombe. Nikaisogeza padi ya kuchezea karibu na goti lake, bila kumtazama. Akaichukua. Dada, kuanzia hapo hatukukimbia tena. Kila mlima anashuka na kumkokota farasi kwa hatamu. Kila mto anamsimamisha anywe, na farasi wa gemu hanywi, basi tunasimama tu tukiyatazama maji. Majambazi walitungoja wiki nzima na sisi hatujafika hata mji wa kwanza. Nilichoka hoi, lakini Ata alikuwa akiingia kwenye kifungua kinywa na uso uliokunjuka. Maoni yake: farasi ni mzuri, wanaompanda hawamstahili. Rafu ya mbele.

Ya mizimu siwezi kuitolea maoni. Ilionyesha mlango mmoja ukifunguka wenyewe, na Apa, aliyekuwa anapita tu, akaenda kuwasha matawi ya mreteni ya kufukuzia pepo, akaizungushia runinga moshi mpaka tukakohoa sote, kisha akaitoa diski kwa koleo la makaa. Ipo kwenye boksi. Ina harufu, mwambie bosi asishangae.

Sasa ile ya kupigana mateke. Hebu niambie wewe uliyesoma, mkamwana anampigaje teke baba mkwe? Ata alitaka tucheze, na mimi sikuwa na njia ya kukataa. Nikagundua kuna kitufe ambacho ukikibonyeza mpiganaji wako anainama kwa heshima, basi nikawa nakibonyeza hicho tu. Yeye anapiga, mimi nainama. Nilikuwa ninaanguka kwa adabu kubwa sana. Alifurahi siku mbili, ya tatu akashtuka. Akaliambia jiko kwa uchungu kwamba humu ndani kuna mtu anayemuuzia ushindi wa uongo, na kwamba yeye si mtoto wala si mgonjwa. "Afadhali nipigwe teke na mtu anayeniheshimu," akasema, "kuliko kuinamiwa na anayenihurumia." Basi nikampiga. Kila teke nikawa nasema samahani, Ata. Apa huko jikoni alisikia samahani zikifuatana akaja mbio, akidhani navunja vikombe vya mama yake. Gemu hii ni nzuri, ila bosi abandike onyo kwamba haifai familia zenye wakwe.

Na ya mwisho, dada, ni ile ya vifaru vya vita. Hapo ndipo yalipotokea yaliyotokea.

Kioo kinagawanyika mara nne, kila mtu ana kifaru chake na pembe yake ya kioo, na mnacheza wawili kwa wawili. Ata alichagua kifaru cha kijani, akakaa wima kama yuko gwaridini. Ujue alitumikia jeshi enzi zile kwenye kikosi cha vifaru. Lakini alikuwa mpishi. Na katika kijiji hiki kuna mtu mmoja aliyekuwa kikosi kilekile kama dereva, na kwa miaka yote hii hajamwacha asahau. Kwa vile naye ni mzee wa kijiji na silitaji jina lake, mimi nimempa la kwangu, Mzee Mnara, kwa sababu nyumba yake iko chini ya mnara wa simu na yeye mwenyewe anajiona mrefu vilevile. Akikutana na Ata sokoni, hamwamkii. Anamuuliza kama leo uji una chumvi.

Mzee Mnara alipopata habari kwamba Ata anaendesha kifaru, alikuja mwenyewe kutazama. Akacheka mpaka kofia ikamwinamia machoni. Akasema, "Mpishi we, hicho ni kifaru, si sufuria. Kesho nakuja na mkamwana wangu, tukufundishe kukikoroga."  Baada ya mgeni kutoka, Ata alinigeukia mimi, siyo jiko, akaniuliza kama tunaweza. Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza kwangu, Anara. Nikamwambia tunaweza.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana watu walijaa mpaka kwenye baraza. Apa hakupenda, lakini mgeni ni mgeni, akakaanga maandazi ya boorsok beseni zima na kutoa pombe ya bozo. Wazee wawili wakakaa katikati ya zulia. Mimi nikakaa pembeni na kitambaa changu kichwani, na upande wa pili Cholpon, mkamwana wa Mzee Mnara, na cha kwake. Tuliinamishiana vichwa, tukaulizana hali za wagonjwa, kisha tukaanza kulipuana.

Balaa likaja upesi. Niliona kifaru kinatokea kwenye kichaka, nikasema, "Ata, kushoto." Ata akaenda kushoto. Mzee Mnara naye akaenda kushoto, maana naye ni Ata, tangu niingie kijiji hiki nikikutana naye namwita hivyo. Wakagongana. Cholpon akasema, "Ata, rudi nyuma," na Ata wangu akarudi nyuma kwa utii mkubwa mpaka akaingia ziwani. Watu walikuwa hawana mbavu. Sisi wawili tukawa tunaagiza, wazee wawili wakawa wanatii, na hakuna aliyejua anamtii nani. Mzee Mnara alinishukuru mara kadhaa kwa mashauri mazuri, na alikuwa adui yangu.

Mwishowe mimi nikaungua. Mzee Mnara akaungua kwa kosa lake mwenyewe, aligeuza mdomo wa mzinga na kuulipua ukuta aliokuwa ameuegemea. Walibaki Ata na Cholpon. Ata anamtafuta mbele, na mimi kwenye pembe ya kioo ya Cholpon nakiona kifaru cha kijani kinazidi kuwa kikubwa. Cholpon yuko nyuma yake kabisa. Mpishi anakwenda kuchekwa mpaka kaburini. Nikiita Ata, watageuka wawili na muda utapita. Sikupanga, dada. Mdomo ulifunguka wenyewe, na nikamwita kwa jina. Jina lake lenyewe, kamili, kwa sauti ile iliyomfanya mwalimu anihamishe dawati. Nikamwambia nyuma yako.

Aligeuka kabla sijamaliza kusema. Akapiga. Cholpon akaungua, tukashinda.

Hakuna aliyeshangilia. Nilisikia tu Apa akiiweka birika chini, taratibu sana. Mzee Mnara alikunywa bozo yake mpaka chini, akapangusa masharubu, akasema kwamba ushindi unaopatikana kwa mke wa mwana kumwita baba wa watu kama anaita mbwa, yeye hauhesabu. Wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Ata aliiweka padi juu ya zulia, akavaa koti, akatoka kwenda zizini bila kumwangalia mtu. Apa akachomoa waya ukutani. Alirudisha kila kitu kwenye boksi kwa mikono yake, akalifunga kwa kamba ya kufungia kondoo na kulisogeza mlangoni, akaniambia neno moja: aibu.

Habari ilifika mgodini kabla chai haijapoa. Marlen alipiga simu, na mimi nikaipokea pale dirishani nikiwa nimesimama juu ya kichwa cha mama yake. Akaniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nikasema nilikuwa nafikiri habari za kifaru. Halafu akaniuliza kama angalau tulishinda.

Gari la Bishkek halikuja, theluji ilikuwa imeziba barabara. Boksi likakaa mlangoni na mimi nikawa naliruka kila nikienda kuchota maji. Ata hakusema na mimi, na lililonivunja moyo zaidi, hakusema hata na jiko. Nililia, Anara. Nililia ndani ya beseni la unga, nikakanda mkate na machozi yangu, na Apa akala akasema leo chumvi imekaa sawa. Nilikuwa naona aibu, lakini zaidi ya aibu nilikuwa nimempoteza mtu wa kuongea naye, siku chache tu baada ya kumpata.

Kisha asubuhi moja nikiwa nakanda, Ata aliingia jikoni na kofia mkononi. Hakulitazama jiko. Akaniambia niseme tena. Nikajifanya sikuelewa. Akasema, "Binti, lile neno uliloniitia siku ile. Sema tena." Nikamwambia siwezi, nitakufa. Akavuta kigoda akakaa, akaniambia taratibu, huku anazungusha kofia, kwamba mama yake alizika watoto wawili kabla yake, na jina lile alimpa ili kumwomba abaki. Alikuwa akimwita kutoka uani, na kila akiita ilikuwa kama anamwomba upya. Tangu mama yake afe, hakuna mtu katika ua huu aliyemwita hivyo. Mkewe anamwita baba Marlen, kama mwanamke yeyote mwenye adabu. Vijana wanamwita Ata. Hospitali wanasoma jina la ukoo. Mzee Mnara anamwita mpishi. "Uliponiita niligeuka kabla sijafikiri," akasema. "Nikaenda zizini, kondoo wakaniona nalia, mtu mzima mimi."

Nilisimama na unga mpaka kwenye viwiko. Basi yeye ndiye akaweka sheria. Mashine ikiwa inawaka, mimi si mkamwana na yeye si Ata, ni askari wawili, na askari huitana kwa majina. Mashine ikizimwa, mambo yanarudi kama yalivyo na chai inamiminwa. Kisha akaenda mlangoni, akaifungua kamba ya kondoo na kulibeba boksi mwenyewe mbele ya macho ya Apa. Apa akasema hatakaa chumba kimoja na upuuzi huo. Akakaa, kwa sababu dirisha lake ni lilelile, ila aligeuza kiti akatupa mgongo.

Sasa sikiliza, na hili ndilo nililoliandikia barua.

Juzi mchana niliwaacha sebuleni kwenda kutoa mikate. Kurudi, nikasikia risasi za vifaru, nikasimama nje ya pazia. Kiti cha Apa kilikuwa tupu. Apa alikuwa kwenye zulia, kitambaa kimemteleza mpaka shingoni, padi yangu ameishika kama anakamua mbuzi, anamlaumu mumewe kwamba anaendesha kama anavyotembea, upande upande. Wanapigana na mashine yenyewe, hawana mpinzani mwingine. Nikaona kwenye kioo kifaru cheusi kinatoka kwenye moshi nyuma ya kile cha kijani. Apa naye akakiona. Na mama mkwe wangu, ambaye tangu aletwe nyumba hii akiwa bibi harusi hajawahi kulitamka, ambaye kwa ajili yake nililia ndani ya beseni la unga, akamwita mumewe kwa jina.

Ata hakugeuza kifaru. Aligeuka yeye. Akamtazama mkewe, na Apa akaziba mdomo kwa mkono wenye sufu, na macho yake, dada, yalikuwa ya msichana. Kifaru cheusi kikawapiga, kwanza cha kijani, kisha chake. Wakaungua wote wawili na hakuna aliyekuwa anatazama kioo. Mimi nilirudi jikoni kimyakimya na mikate yangu.

Kwa hiyo mwambie bosi wako gemu ya vifaru iwekwe rafu ya mbele kabisa, hayo ndiyo maoni ya Apa. Ila si diski hii. Ungamo langu ndilo hili: boksi nitakalompa dereva wa gari la Bishkek pamoja na barua hii lina ile ya mizimu, ya mateke na nyingine mbili, na chini yake nimejaza kurut, vile vidonge vya jibini kavu, ili usione lilivyo jepesi. Mashine haimo. Usinikasirikie. Tafuta la kumwambia, sema imenaswa na theluji, sema chochote, mimi siwezi kuichomoa ukutani.

Wasalimie wote hapo dukani na yule mwenzako mwenye kucheka kwa pua. Funga koti. Marlen anakusalimu kwa mikono michafu. Apa anakusalimu, anasema umtafutie gemu nyingine ya watu wawili, isiyo na mizimu. Ata anakusalimu kwa heshima zote za mkwe.

Na kwa kuwa mashine inawaka pale sebuleni ninapoandika haya, na sheria ni sheria, anakusalimu pia Toktosun, mwenye kifaru cha kijani.

Mdogo wako anayeongea tena,

Bermet